Mwalimu Breki na Shokapu Zenye Akili

Kuna watu ambao kazi huwaacha langoni wanaporudi nyumbani, na kuna Mwalimu Breki. Huyu bwana alianza kufundisha udereva ndevu zake zikiwa bado zinaona haya kutoka. Maisha yake yote aliyamalizia kwenye kiti cha abiria, ndani ya gari dogo lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake, na mguu wake wa kulia ukaharibika tabia. Binti yake akipita kwa haraka na birika la chai, Mwalimu anakanyaga sakafu. Kinyozi akisogeza wembe karibu na sikio, anakanyaga. Siku ya harusi yake mwenyewe, badala ya kumtazama bibi harusi, alikaa ameinamia bega la dereva akimwambia, "Kioo, bwana, tazama kioo," mpaka bibi harusi akamuuliza kama anamwoa yeye au anamwoa dereva.

Sasa mabinti zake mapacha wameolewa, nyumba imepauliwa, na kiwanja alichoachiwa na baba yake kimepata mnunuzi. Mtu mwenye akili timamu angenunua kitu cha maana. Mwalimu akaenda kununua gari la spoti: jekundu, la viti viwili, lililolala chini kiasi kwamba kuingia ni kujitupa na kutoka ni kuomba msaada.

Msimlaumu haraka. Zamani, wakiwa wachumba, yeye na mkewe walisimama kituoni mvua inawanyeshea, likapita gari jekundu la viti viwili. Ndani mlikuwa na mzee mmoja na mkewe, na yule mama alikuwa anacheka mpaka kichwa kimelala nyuma. Mchumba wake akasema, "Siku ukipata kama lile, mimi nakaa mbele." Alisema tu, kama watu wanavyosema mambo wakiwa wamelowa. Mwalimu akalichukua neno lile akaliweka moyoni, na halikutoka tena.

Tatizo ni kwamba huyo mchumba, ambaye siku hizi ni Mama Mapacha, hakuwa amepanda gari moja na mumewe kwa miaka na mikaka. Akienda sokoni, basi. Akienda kwa dada yake, basi, na siku basi lilipogoma alidandia lori la saruji akafika mweupe kama aliyeanguka kwenye pipa la unga. Kila alipoalikwa na mumewe jibu lilikuwa moja: "Mgongo, Baba Mapacha. Mgongo wangu na gari lako havipikiki chungu kimoja."

Mgongo uliovumilia lori la saruji! Lakini Mwalimu hakujiuliza. Mkewe ni fundi cherehani, anashinda ameinama juu ya mashine, na mgongo wa mtu wa namna hiyo una haki ya kulalamika. Akamwamini kabisa.

Ndiyo maana muuzaji alipomuuliza swali lake pale kwenye duka la magari, Mwalimu alihisi kama ameulizwa hatima ya ndoa yake. Muuzaji mwenyewe alikuwa bwana mwenye kitambi aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, tena wale wa kurudia mtihani. "Shikamoo, Mwalimu," alisema, na mguu wake wa kushoto ukaanza kutafuta klachi palepale juu ya vigae.

"Marahaba. Nionyeshe."

"Yapo mawili, Mwalimu. Sura moja, injini moja. Tofauti ni shokapu tu. Za hili ni za kawaida. Zimekazwa kiwandani, na ndivyo zitakavyokuwa mpaka siku ya kufa. Kwenye kona raha, kwenye shimo utalijua jina la shimo. Za lile pale zina akili. Zinaisoma barabara zenyewe. Kona zinakaza, shimo zinalegea. Na kuna kitufe kimeandikwa STAREHE, ukikibonyeza ni kama umekalia godoro. Unachukua lipi?"

"Na mgongo?"

"Mgongo wa gari?"

"Wa mke wangu."

Muuzaji akasema hilo halimo kwenye mafunzo yake.

Basi Mwalimu akaanza kuzunguka mtaa mzima akiomba ushauri, kama mtu anayechagua jina la mtoto. Fundi springi wa jirani, ambaye hajawahi kuona shokapu yenye akili lakini hilo halikumzuia kuwa na msimamo, alimwambia hivi: "Mwalimu, kitu kisicho na akili kikiharibika, unaniita mimi. Chenye akili kikiharibika unamwita nani? Mimi nimeoa mwenye akili, naujua ugumu wake." Mapacha wakapigiwa simu. Mmoja akasema zenye akili, mwenzake akasema za kawaida, wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe mpaka wakamsahau baba yao kwenye laini.

Akaamua kufanya utafiti. Alimnyemelea mkewe kwa nyuma, akashika mgongo wa kiti chake kwa mikono miwili, akakitikisa ili apime ni mtikisiko wa kiasi gani unaovumilika. Mama Mapacha alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Matokeo ya utafiti huo hayaandikiki.

"Unatafuta nini kwangu, Baba Mapacha?" aliuliza alipomaliza kusema yale mengine.

"Twende ukajaribu mwenyewe. Zile zenye akili zimetengenezwa hasa kwa ajili ya mgongo wako."

Mama Mapacha alimtazama sana. Mume mzee, ameshika kiti, macho yanaomba kama ya mtoto. Akaenda kuvaa viatu vyake vipya.

Pale dukani Mwalimu alifungua mlango wa lile gari lenye akili, akajitupa ndani, akafunga mkanda, akatulia. Mama Mapacha akabaki amesimama nje. Muuzaji naye amesimama. Ikabidi akohoe. "Mwalimu, huko ni kwa abiria."

Alihama kwa shida, huku akisema alikuwa anakagua tu. Kisha akaweka glasi ya maji juu ya dashibodi. Hiyo ni kawaida yake. Wanafunzi wake wote waliendesha na glasi iliyojaa mbele yao, na aliyemwaga alirudi kuanza upya. Muuzaji alipoiona ile glasi akasogea nyuma, akasema atawasubiri getini.

Wakatoka. Mganga hajigangi, walisema wahenga, lakini wahenga hawakumjua Mwalimu Breki. Kwa kuwa hapakuwa na mwanafunzi, alijifundisha mwenyewe, kwa sauti. "Klachi. Polepole. Gia. Vizuri sana. Kioo! Nimesema kioo! Samahani, Mwalimu. Haya, endelea." Alipojiridhisha kwamba dereva ana nidhamu, alimgeukia mkewe. "Kaa wima. Usiegemee mlango. Huo mkanda umepinda. Unamwona yule wa pikipiki? Huyo hajafundishwa na mtu. Mgongo unaonaje? Usinijibu sasa hivi, tunaingia makutano."

Shokapu zilifanya kazi yake, tusiseme uongo. Yalipita mashimo ambayo yamewahi kung'oa magurudumu ya watu, na yale maji kwenye glasi yalitulia kama yako mtungini. Mwalimu akabonyeza STAREHE, moyo unamdunda kwa furaha. Mara taa za barabarani zikawa nyekundu. Gari likasimama. Mama Mapacha akafungua mlango, akahangaika, akatoka kwa magoti, akajikung'uta gauni.

"Mgongo," alisema, akaondoka zake kwa miguu.

Mwalimu Breki alirudi dukani peke yake na glasi yake. Alikuwa amevunjika moyo vibaya, na hakuona aibu kuonekana hivyo. "Zenye akili zimeshindwa," alimwambia muuzaji. "Kama hizo zimeshindwa, basi tena. Hatapanda na mimi mpaka nakufa."

"Jaribu na hili la kawaida, Mwalimu. Angalau umfuate asitembee juani."

Alimkuta si mbali. Viatu vipya vilikuwa vimemfundisha adabu, kavishika mkononi, anatembea pekupeku kando ya barabara. Mwalimu akapunguza mwendo, akawa anakwenda sambamba naye, kioo kimeshushwa. "Panda, mke wangu. Nakupeleka nyumbani tu. Sitakuuliza kitu."

Mama Mapacha aliviangalia viatu, akaliangalia jua, akapanda.

Mbele yao kulikuwa na tuta, lile kubwa la karibu na zahanati. Hakuna kiumbe anayeona tuta mapema kama Mwalimu Breki. Aliliona tangu mbali, akavuta pumzi, akapaza sauti: "Breki! Breki, nimesema! Bre..." Kisha mguu wake ukakanyaga sakafu kwa mazoea, naye akasubiri. Miaka yote ilikuwa hivyo: yeye anapiga kelele, dereva anakanyaga. Safari hii dereva hakukanyaga, kwa sababu dereva alikuwa yeye, na yeye alikuwa anamsubiri dereva.

Shokapu za kawaida hazina huruma. Gari liliruka, likatua, na meno ya Mwalimu yakafunga kabla ulimi haujaondoka.

Mwalimu alisogea pembeni, akajifuta machozi, akabana leso mdomoni, akaendelea taratibu. Mama Mapacha alikaa akisubiri somo kuhusu matuta. Halikuja. Walimpita mtu wa pikipiki isiyo na taa, hakuna neno. Walipita makutano, hakuna neno.

"Umejiuma ulimi?"

Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

"Sana?"

Akaitikia tena. Mama Mapacha akageukia dirishani, mabega yakawa yanatikisika, na mwishowe akashindwa, akacheka waziwazi. Alipotulia akajiegemeza kwenye mlango, na hakuna aliyemkataza. "Kumbe hili gari lina sauti nzuri," alisema.

Ndipo akaanza kuzungumza. Alimweleza mumewe kwamba anataka kununua cherehani ya pili na kuajiri mtu. Alimweleza kwamba nyumba ikiwa kimya jioni huwa anawasha redio ili tu kuwe na watu. Mwalimu alisema "Mm." Akaeleza mengine, mengi, ambayo Mwalimu hakuwa akiyajua, na Mwalimu akasema "Mm."

"Nikuambie jingine? Mgongo wangu mzima. Haujawahi kuniuma hata siku moja."

Mwalimu akageuka kumtazama, jambo ambalo angemfelisha mwanafunzi yeyote kwa kulifanya.

"Ni wewe, Baba Mapacha. Tukiingia ndani ya gari mimi si mkeo tena, ni mwanafunzi. Na mimi nimechoka kufeli."

Mwalimu alikuwa na majibu, tena ya kutosha. Alitaka kusema ni usalama, ni mazoea, ni mapenzi. Ulimi ulimkatalia, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Alibaki na yale maneno ya mkewe peke yake bila kitu cha kuyafunikia, akalia kidogo, na safari hii haikuwa kwa sababu ya meno. Mama Mapacha akauweka mkono wake juu ya ule wa mumewe kwenye gia. Kisha, ili asimwaibishe, akaanza kumsimulia kisa cha dada yake na bwana mmoja aliyekuja kuomba maji kisha akakaa mpaka chakula cha usiku.

Kisa kilikuwa kimefika patamu walipolifikia geti la duka, nyumbani wakiwa wameshapapita bila yeyote kutaja kushuka. Muuzaji alikuwa amesimama tayari, tabasamu limeshaandaliwa. Gari likampita. Likazunguka mtaa, likarudi, likampita tena, na muuzaji akaanza kufikiria namna ya kueleza kwamba mwalimu wake amemwibia gari. Mara ya tatu likasimama, kioo kikashuka.

"Karibuni! Haya, Mwalimu, tuandike lipi? Lenye akili?"

Mwalimu Breki akatikisa kichwa, akapigapiga usukani wa gari alilokalia.

"Hilo gumu? Na mgongo wa mama je?"

"Mgongo gani?" akauliza Mama Mapacha.

Muuzaji alitaka kusema neno. Mwalimu akanyanyua kiganja kumnyamazisha, akatoa leso mdomoni, akamgeukia mkewe.

"Halafu," alisema polepole, kwa ulimi uliovimba, "huyo bwana wa maji akasemaje?"