Nilivyowaozesha Wafanyakazi Wote

Nichekeni, lakini nisikilizeni kwanza. Nilikuwa mgeni kazini, kwenye kampuni ya malori pale Shimanzi, na mikono yangu bado ilikuwa na hina ya harusi ya binamu yangu. Bosi, Mzee Mselem, akaniambia, "Mwanangu, dereva wetu Athumani kaoa. Mbadilishie kwenye hifadhidata." Ukibadilisha hali ya ndoa ya mtu, kompyuta yenyewe hupeleka ujumbe wa hongera kwa simu ya nyumbani kwake.

Nikaiandika amri kwa mbwembwe: hali ya ndoa iwe "kaoa wiki hii". Sharti la kusema ni Athumani peke yake nikalisahau. Kompyuta haina haya. Ikawaozesha wafanyakazi wote, bosi akiwemo.

Wake wa madereva walipoanza kupiga simu kutoka Majengo, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mzee Mselem akavuta kiti.

"Usilie. Nakala ya asubuhi tunayo. Siku nyingine, kabla hujabadilisha kitu, iombe kompyuta kwanza ikuonyeshe watakaoguswa. Ukiona jina moja, endelea. Ukiona mtaa mzima, simama."

Tukarudisha kila kitu. Nikapumua, nikaona kumbe kazi hii nitaiweza.

Lakini ujumbe ukishatoka haurudi. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama wa buibui, sahani ya halua mkononi: mkewe Mzee Mselem. Akanisalimu kwa adabu zote, kisha akaitazama hina yangu.

"Basi ndiye wewe, mke mwenzangu?"