Chafya za Muuguzi

Muuguzi anayekuja kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kila asubuhi kutoka Area 49, mtaa wa mjini Lilongwe, hunawa mikono mpaka vidole vinakunjamana. Kiswahili chake alichojifunzia kambini ni cha upole, ila hukatwakatwa na chafya, na kila chafya huisindikiza kwa "zikomo", yaani asante kwa Kichewa, kabla mtu hajampa pole.

Juzi Annuarite, mama mmoja wa kambini, alimwendea akiwa na mtoto mgongoni na wasiwasi moyoni. "Bwana yangu anasema vumbi ya mbuzi italetea mtoto aleji, tumuuzishe. Lakini uyu mbuzi mi njo nilimulea, mama yake alikufa." Muuguzi alimkagua mtoto, akaeleza kwamba vumbi la zizi lina vipande vya bakteria, na mwili ukivizoea tangu uchanga, mara nyingi hupunguza kutengeneza kingamwili za aleji. "Mtoto hana shida. Kaeni na mbuzi wenu." Annuarite akashusha pumzi. "Na we, dada, ulikulia wapi?" "Kwenye sakafu ya vigae, mbali na zizi," muuguzi alijibu, akapiga chafya. Kumbe mbuzi alikuwa amemfuata Annuarite mpaka ndani, anatafuna pindo la koti jeupe. Muuguzi hakumfukuza. Alimkuna kichwani kwa vidole viwili, machozi yakimtiririka, akauliza anaitwa nani.