Ni ya Mtumba Tu

Gauni lile lilinichukua wiki tatu. Kibanda changu cha ushonaji pale Ngara kilikuwa kimekaukiwa wateja, na nilikuwa nimejipa mwezi mmoja: nisipopata wanawake wa maofisini, nafunga. Kwa hiyo nikamshonea dada yangu alivae kazini kwake Hurlingham. Nilimwachia kazi moja tu. Akiulizwa, aseme limeshonwa na nani.

Jumamosi nikaenda kwake Woodley kusikia habari.

"Walipenda?"

"Sana. Mkubwa wangu alinisimamisha kwa korido, akasema leo nimeng'ara. Akauliza hiyo nguo nilitoa wapi."

"Ukamwambia?"

Akajifanya anakoroga sufuria. "Nilimwambia ni ya mtumba tu."

Nilitaka kulia, na nilitaka kumchapa na ule mwiko. Eti mtumba! Na ubaya ni kwamba namwelewa. Mama alitulea hivyo: msichana akisifiwa akajibu asante, huyo anajisikia. Ukisifiwa chapati, sema zimeungua kidogo. Ukisifiwa nywele, sema hata hujachana. Mpaka leo huwezi kumsifu mtu wa kwetu bila kusomewa kasoro zote za kitu ulichokisifu, utadhani umemshtaki. Inachosha, jamani. Nimewahi kumwambia jirani ana mtoto mzuri, akanijibu kwamba anakojoa kitandani.

"Na huyo mkubwa ameenda soko la Toi mara mbili kutafuta kama hiyo," dada akaongeza polepole. "Anasema mitumba ya siku hizi imeharibika."

Nikamwambia Jumatatu aende akaseme ukweli. Akasema. Jumanne, saa ya chakula cha mchana, akamleta mkubwa wake kibandani, gauni akiwa amelivaa. Yule mama akashika mkono wa gauni, akaugeuza, akatazama mishono ya ndani ambayo hakuna mtu huitazama.

"Ni wewe umeshona hii? Aki uko na mkono safi. Sijaona kazi kama hii."

Tangu asubuhi nilikuwa nimejizoeza jibu mbele ya kioo. Asante. Neno moja.

"Aa," nikajisikia nikisema, "ni cherehani tu ni nzuri."

Dada akanikanyaga mguu chini ya meza. Yule mama akanitazama, akaitazama cherehani, akatoa simu akaipiga picha, kisha akaniuliza niliinunua wapi.