Vipande Vitatu vya Nta

Risasi ikiyeyuka motoni haina harufu ya kusema. Harufu huja pale unapoitia kipande cha nta, uchafu wake upate kupanda juu. Hapo hutoka moshi mweupe mzito, unanuka kama mshumaa uliozimwa sasa hivi, na ukiuvuta hukaa kooni mpaka jioni. Mama yangu, Zuwena, alikuwa hautaki kabisa. Akisema, "Hemed, mimi sikuvuka bahari nije kufukizwa hapa kama nguo." Baba akicheka, akichukua sufuria yake kuukuu mpaka nyuma ya ukuta wa udongo, na mimi nikimfuata na mfuko wa chubwi, vile vidonge vya risasi wavuvi wanavyofungia nyavu zao, alivyotuletea Ami Seif kutoka Sur. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikuwa Ibra, mji wa wazee wa Baba ng'ambo ya bahari, mwaka wa tano tangu tutoke Unguja, na mimi ndiye niliyekuwa mkono wa Baba, kwa sababu hakupata mtoto mwingine.

Nieleze kwanza tulivyokuwa. Babu yangu Nasor alikuwa na watoto watatu wa kiume. Ami Khalfan, mkubwa, hakuondoka Ibra maisha yake yote. Baba alikwenda Unguja angali kijana na akakaa miaka thelathini, akitengeneza vyerehani na kuchonga funguo mjini. Ami Seif, mdogo, alioa Sur akabaki huko. Babu alipokufa, Baba alikuwa mbali, na shamba la mitende pamoja na zamu yake ya maji ya falaji, mfereji unaonywesha mashamba ya mji, likabaki mkononi mwa Ami Khalfan bila kugawiwa. Tuliporudi na mabegi mawili na cherehani moja, Ami Khalfan alitupa vyumba viwili vya kukaa, na kila Alhamisi akituletea tende na samli. Habari ya shamba hakuitaja. Baba naye hakuuliza. Ungewakuta wamekaa kwenye mkeka mmoja wanakunywa kahawa, wanazungumza habari za mbuzi, na shamba lenyewe liko mbele ya macho yao.

Sasa, kulikuwa na desturi. Siku ya Idi, baada ya sala, wanaume walishuka kwenye wadi, lile bonde la mto, kulenga shabaha, jiwe jeupe lililowekwa ukingo wa pili. Watoto wa mzee mmoja walisimama mstari mmoja, mkubwa kulia, na kila mtu akaona nani ni mtoto wa nani. Miaka minne Baba alikaa pembeni na wageni. Mwaka ule risasi za dukani ziliadimika, na Baba akasema barazani kwamba akipata kalibu nzuri anaweza kuzimimina mwenyewe. Ami Khalfan akasema, "Basi tengeneza za bunduki zote tatu. Tusimame sote, watoto wa Nasor. Tukirudi tutakaa tuzungumze habari ya shamba."

Baba alirudi nyumbani usiku ule akaomba maji mara tatu, hakuyanywa.

Kalibu ni chuma cha vipande viwili vinavyofungana kama koleo, na katikati pana tundu la umbo la risasi. Kila bunduki ina unene wake, hata zikiwa za jina moja, kwa kuwa mtutu ukitumika sana hupanuka, na risasi inayopwaya ndani yake hupotea njia. Baba alitaka kalibu moja itakayofaa bunduki tatu, na ilibidi mitutu ipimwe kwanza. Watu wa pale, kumbe, hupima kwa kusukuma kipande cha risasi laini ndani ya mtutu. Baba hakuuliza. Alipima alivyozoea kupima matundu ya kufuli Unguja, kwa nta. Alfajiri, kungali baridi, alikwenda kwa Ami Khalfan, akabana nta kwenye mdomo wa ile bunduki ya marehemu Babu, akaizungusha akaitoa. Akafanya hivyo kwa yake na kwa ya Ami Seif, aliyekuja kwa shughuli ile. Alivifunga vipande kwa uzi, mwekundu kile cha Ami Khalfan, mweusi chake, usio na rangi cha Seif. Akavikunja haraka ndani ya leso ya Mama, akanikabidhi. "Rukia, usiviachie. Tutavilinganisha Nizwa."

Na mimi sikuviachia. Hilo ndilo lililotuua.

Tulipanda gari la wazi la mtu aitwaye Mbarak, mimi, Baba, magunia ya ndimu kavu na mwanamke mmoja, Bi Thuraya, aliyekuwa akimpeleka kuku wake kwa binti yake. Ilikuwa Shaabani, na joto la Shaabani mwaka ule halikuwa la mchezo. Nilikamata ile leso ngumini, na kila gari liliporuka nikaikaza zaidi. Tuliposimama kisimani, ng'ambo ya Sinaw, Baba alikwenda kutawadha, nami nikafungua leso nitazame. Kile chenye uzi mwekundu kilikuwa kimebanwa kama tende iliyokanyagwa. Vile viwili vilikuwa vimelainika, lakini vimesimama.

Bi Thuraya aliniona. Akaniuliza, "Umeharibu nini, mwanangu?" Nikamjibu, "Sijaharibu kitu." Nikaiweka ile nta pajani juu ya kanzu, nikaiviringisha kwa kiganja polepole, kama tunavyoviringisha kaimati, mpaka ikawa ya mviringo, na ili iwe nzuri nikailinganisha na zile mbili nyingine. Ikawa sawa nazo. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikaifunga tena uzi wake.

Aliyekuwa akiuza kalibu Nizwa alikuwa mzee Zahor, aliyeuza vitambaa Pemba zamani na Kiswahili chake kilikuwa kizima. Baba alipofungua leso, mzee yule aliinama, akacheka mpaka akashika mbavu. "Nta? Bwana Hemed, nta katika nchi hii? Ungeniletea na barafu basi."

"Kule tunapima hivi," Baba akasema.

"Kule kuna upepo. Haya, kaa."

Alipanga kalibu tatu juu ya gunia. Ya kwanza ilikuwa ndefu na nzito mno, Baba akaisukuma kando. Zikabaki mbili, nyembamba na nene. Ile nene ilikuwa na kiraka cha shaba kwenye mpini. Mkono wa Baba ulikwenda hapo hapo kwenye nene, akaishika, akaifungua akaifunga. Mzee Zahor akasema, "Hiyo chukua. Risasi yake ikizidi kwa bunduki moja, utaipitisha kwenye pete ya chuma ipungue. Ile nyembamba ikipwaya utaiongeza kwa nini? Kwa dua?"

"Na pete unauza wewe," Baba akasema.

"Nauza mimi. Ulitaka auze nani, mke wangu?"

Baba akatabasamu, akaanza kutia vipande vya nta ndani ya tundu, kimoja kimoja. Kwenye nene vyote vitatu vilipwaya. Kwenye nyembamba vyote vilikaa kama vimezaliwa mle. Akakinyanyua kile cha uzi mwekundu, akakiweka karibu na jicho. "Ile mistari ya ndani ya mtutu imefutika hapa," akasema. Kisha akanigeukia, kwa upole, kama anavyomwuliza mtu mzima. "Joto limefuta mistari. Lakini unene, Rukia? Ni ule ule?"

Nikasema, "Ni ule ule, Baba."

Akaiweka chini ile kalibu nene. Niliuona mkono wake ukiiachia.

Ramadhani nzima alimimina. Za kwake alizijaribu nyuma ya mlima, zikaenda sawa. Za Ami Seif pia. Ami Khalfan hakutoa bunduki yake ijaribiwe. Alisema bunduki ya marehemu haijaribiwi kama chungu kipya, itapigwa siku yake. Asubuhi ya Idi Mama alimpigia Baba pasi kanzu mara mbili. Niliwaona wakishuka watatu, mkubwa kulia, Baba katikati, Seif kushoto, na mimi nikawa juu ya ukuta na wasichana wengine, nawaambia, "Yule wa kati ni baba yangu," ingawa walimjua wote.

Seif alipiga, jiwe likaruka. Likawekwa tena, Baba akapiga, likaruka, na watu wakamtaja jina lake na la babake, Hemed bin Nasor, kwa mara ya kwanza tangu turudi. Ami Khalfan akapiga, vumbi likatimka mbali kushoto. Akapiga ya pili, vumbi likatimka mbali kulia. Ya tatu ilianguka ndani ya maji ya wadi, karibu na miguu yao kuliko shabaha, na mtu mmoja nyuma akasema, "Khalfan anavua samaki." Wakacheka. Watu mia wakacheka.

Ami Khalfan hakupandisha sauti. Aliifungua mikono ya kanzu yake polepole akasema, "Zako zimepiga, Hemed. Za Seif zimepiga. Zangu mimi tu."

"Wallahi, kaka, kalibu ni moja," Baba akasema.

"Kalibu moja, na shamba moja. Nimekuelewa."

Baba hakujua kilichotokea. Aliyejua alikuwa juu ya ukuta, hatua ishirini, na mguu mmoja ulikuwa tayari umeshuka. Nikaurudisha.

Hatukugawiwa shamba. Kabla ya mwezi kwisha tulikuwa Sur, kwenye chumba cha kukodi nyuma ya duka la kamba, na Baba akitengeneza vyerehani vya watu. Skuli niliiacha huko huko Ibra na sikurudi tena. Ami Khalfan alikufa baada ya miaka sita. Baba alikwenda maziko, akasimama safu ya nyuma. Yeye mwenyewe aliugua mwishoni mwa miaka ya themanini. Siku moja, nampa uji, alisema, "Rukia, nilikuwa nimeishika ile nene. Wewe ulikuwepo. Hivi nilikosea wapi?" Nilikuwa mke wa mtu, nina watoto wawili. Nikamwambia, "Hukukosea, Baba." Akanishika mkono, akadhani namliwaza.

Siku hizi kutoka hapa Sur, Ibra ni mwendo wa saa mbili kwa gari lenye ubaridi, na bado sina wa kumwamkia huko. Watoto wa Ami Khalfan wananijua kwa jina tu. Mwaka jana mjukuu wangu Said alinipeleka Nizwa, na pale wanapouza majambia na vyombo vya zamani kwa watalii, niliiona kalibu yenye kiraka cha shaba kwenye mpini. Sikuuliza bei mara mbili. Nyumbani nikaiweka mezani karibu na ile nyembamba ya Baba. Said anafanya kazi kwenye mitambo ya gesi, anacho kipimo cha chuma chenye kioo kinachoandika namba. "Bibi, hii vitu ya nini?" akauliza. Nikamwambia ni za kumiminia risasi, anipimie matundu yake. Akapima moja, akapima ya pili, haikumchukua hata dakika, akanigeuzia kile kioo. Namba za namna ile mimi sizisomi. Nikamwuliza zimepitana kiasi gani. Akanionesha ukingo wa ukucha wake, akasema, "Kidogo tu, Bibi. Haina maana." Kisha akarudi kwenye simu yake.

Nimekaa na zile kalibu mbili mpaka alasiri, nazitazama. Kiasi cha ukingo wa ukucha. Nilikuwa nayo nta ile pajani, pale kisimani, na Baba alikuwa hatua chache tu, anaosha uso.