Kwa Miezi Minne Nilikuwa Kinyamadege

Kwa miezi minne nilikuwa mnyama.

Sitanii. Saa tano asubuhi na saa nane mchana, Jumatano mpaka Jumapili, mimi Gavin Treloar, baba wa watoto wawili, mwenye leseni ya kuendesha lori, nilikuwa kinyamadege jike aitwaye Beryl.

Na kazi niliiweza. Kuna watu walilia kwa furaha waliponiona.

Ngoja nianze mwanzo, maana ukinidaka katikati utasema nimechanganyikiwa.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye bustani ndogo ya wanyama kule vilimani Gippsland, Australia. Tulikuwa na kangaruu kama ishirini, waliozoea kulishwa mkononi mpaka kuruka wakaona ni usumbufu. Koala wawili, kazi yao kulala. Na mgahawa uliouza mkate wa nyama ya kangaruu, hatua kumi kutoka zizi la kangaruu.

Watoto walikuwa wanalisha huku, wazazi wanakula kule. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Lakini aliyeleta watu pale alikuwa Beryl. Kinyamadege ana mdomo wa bata, mkia bapa na manyoya ya kahawia, anataga mayai halafu ananyonyesha. Na ana aibu kuliko mtu mbele ya mkwewe. Ukimwona sekunde tatu, shukuru.

Sura yake ilikuwa kwenye kibao cha barabarani, kwenye fulana, kwenye vikombe, hadi kwenye vitaulo vya jikoni.

Mwezi wa sita, baridi imekaza, Beryl akafa. Uzee tu. Tulimzika mimi na bosi wangu, Noelene Pascoe, chini ya kangaga kubwa pembeni mwa bwawa lake.

Noelene akafuta machozi. Akafuta koleo. Akanitazama.

"Gav, watu tusiwaambie kwanza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tupate mwingine."

"Noelene, kibali cha mwingine kinachukua miaka."

"Ndiyo maana nimesema kwanza."

"Sasa wageni wakiuliza?"

"Kibao kinasema 'Hapa yupo Beryl'. Kwani hayupo?" Akaelekeza koleo kwenye kaburi. "Uongo uko wapi hapo, mshikaji?"

Yule mama angesomea uwakili, magereza yetu yangekuwa matupu.

Kesho yake akanipa pampu ya mguu, ile ya kujazia godoro la upepo. Akaiunganisha na mpira wa bustani, akaupitisha chini ya majani mpaka katikati ya bwawa. Mimi nikakaa ndani ya kibanda cha chakula, ukuta wa mbao, nikakanyaga.

Bwawani yakapanda mapovu.

"Huyo hapo!" mtu akapiga kelele nje.

"Nimemwona! Nimeona mdomo!"

"Mkia! Mkia ule!"

Aisee. Nikaacha kukanyaga kwa mshangao. Nje wakashangilia, wakasema amepiga mbizi.

Basi ikawa ndiyo kazi. Nikakanyaga polepole akawa anakula. Nikakanyaga haraka akawa anacheza. Siku moja nilipata kikohozi nikakanyaga ovyo, mama mmoja akasema Beryl leo ana hasira.

Baadaye Noelene akaleta soksi ya marehemu mumewe, ya sufu, ya kahawia, amejaza vizibo ndani. Alitaka tuivute kwa uzi juu ya maji.

Nikakataa. Kila mtu ana mpaka wake wa heshima, na wangu ulikuwa soksi.

Sasa katika maelfu ya wageni wale, kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kumwona Beryl.

Alikuwa bibi wa miaka sabini na tisa, Enid Cordery. Kila Jumatano basi dogo la wazee lilimshusha getini. Alikuja na kiti chake cha kukunja na chupa yake ya chai, akakaa pale pale mbele ya bwawa.

Siku ya kwanza nikamwambia, "Karibu, Bi Cordery."

"Bi Cordery alikuwa mama mkwe wangu, na sikumpenda. Niite Enid."

Baada ya mapovu ya saa tano nikamuuliza, kwa unafiki wangu wote, "Umemwona, Enid?"

"Sijaona, mwanangu."

Watu wakamgeukia kama aliyekohoa kanisani. Mwanamke mmoja akamwambia kwa huruma, "Alikuwa hapo hapo, mama."

"Huenda. Mimi nimeona mapovu."

Hicho ndicho kilichonichoma. Macho ya Enid yalikuwa yanakufa. Katikati palikuwa pameingia kiza, alibaki anaona pembeni tu.

"Nikikutazama usoni huna uso," aliniambia. "Nikitazama sikio lako, nakuona vizuri. Na unahitaji kunyoa."

Daktari wa Melbourne alimwambia mwaka hautaisha kabla hako kapembeni nako hakajaenda.

Enid alikulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, bondeni humo humo. Kaka zake watatu walimwona kinyamadege kijitoni karibu kila jioni. Yeye alikuwa kwenye zamu ya kukamua. Wakimwita anakuja mbio, na kwa mbio zake mnyama anazama. Wakamtania maisha mazima kwamba ana miguu ya nyumbu.

"Wote wamekufa," alisema. "Nataka kumwona mara moja tu. Hata kama hakuna wa kumtambia."

Wiki kumi na nne alikuja. Wiki kumi na nne nikakanyaga, na kila wiki akasema, "Sijaona."

Nikamwendea Noelene. "Tumwambie yule bibi."

"Ukimwambia mmoja umewaambia wote. Mwachie tumaini lake, Gav. Tumaini halijamuua mtu."

Halafu ikafika Jumatano ya mwisho.

Manyunyu yalikuwa yanashuka, mawingu mazito. Enid akanisimamisha getini. "Leo nakuaga. Ijumaa binti yangu ananipeleka Perth nikakae naye. Kwa hiyo Beryl wako akitaka kuonana na mimi, ni leo."

Perth ni upande mwingine kabisa wa nchi. Nikatabasamu kijinga, nikaenda kwenye kibanda changu.

Saa tano kamili. Watu kama thelathini. Kulikuwa na jamaa mmoja kutoka Sydney, Craig, mwenye kamera yenye bomba refu kama la zimamoto. Nikaanza kukanyaga.

"Huyooo!" Craig akapaza sauti, kamera inalia tatata. "Mama, umemwona?"

Kupitia mbao nikamsikia Enid. "Naona mapovu. Mnyama sijamwona."

"Ah, mama! Usiwaharibie wenzako. Sema tu umemwona, yaishe."

"Nikisema nimeona na sijaona," Enid akajibu taratibu, "nitaondoka hapa na nini?"

Mguu wangu ukagoma. Nawaambia kweli, ulikataa kushuka.

Nikang'oa mpira kwenye maji, nikatoka nje nimeshika pampu mkono mmoja na mpira mkono wa pili, unachuruzika.

"Jamani," nikasema. "Hakuna kinyamadege. Beryl alikufa mwezi wa sita. Mapovu ni mimi."

Nikaiweka pampu chini nikaikanyaga pale pale, mpira ukatoa *fuuu*, nikaiokota.

Nilitegemea wanipige. Ningeelewa.

"Mwongo wewe!" Craig akafoka. "Nina picha mia mbili!"

"Nionyeshe moja."

Akanionyesha. Maji.

"Huo hapo mdomo," akasema.

"Hilo ni jani, kaka."

"Usinifundishe mdomo! Nimesafiri siku nzima kumwona, na nimemwona!"

"Mimi mwaka huu nimemwona mara mbili," mwingine akadakia. "Wewe ni nani wa kuniambia sijamwona?"

"Huyu atakuwa amefukuzwa kazi, ana kinyongo."

Wakatoa simu, wote wakanigeukia wananirekodi. Noelene akaja mbio kutoka dukani, vitaulo bado mkononi. "Samahanini wapendwa! Gavin hajalala vizuri siku hizi, ana msongo!"

Wote, nasema wote, walikuwa wameligeuzia bwawa mgongo.

Isipokuwa Enid. Yeye hakuhangaika kunigeukia, kwa kuwa uso wangu asingeuona. Alikuwa ametega sikio kwangu, kichwa amekiinamisha upande, bwawa liko kwenye kona ya jicho lake.

"Gavin," akaniita kwa sauti ya chini. "Acha kukanyaga."

"Sikanyagi, Enid. Ninayo mkononi."

"Basi yale ni nini?"

Nikatazama.

Mapovu. Mstari mwembamba, unatembea. Halafu mgongo wa kahawia ukachomoza, unang'aa kwa maji. Halafu ule mdomo, mpana, mweusi, wa kuchekesha. Akaelea pale mvuani, anatafuna zake, hana habari na sisi.

Kumbe mafuriko ya baridi yalibeba uzio kati ya bwawa na kijito, na hatukuutengeneza. Tungemzuia nani?

Enid akanishika kifundo cha mkono.

"Nimemwona," akasema. "Ana mdomo mpumbavu sana. Nimemwona."

Machozi yalinitoka mbele za watu, na sioni haya kusema.

"Jamani!" nikapiga kelele. "Huyo hapo! Wa kweli! Geukeni!"

Kicheko kililipuka.

"Sasa yupo tena!"

"Amua moja, ndugu yangu!"

Hakugeuka hata mmoja. Simu zote usoni kwangu. Craig alipokuja kutupa jicho, yalibaki mapovu mawili.

"Hayo nayajua," akasema kwa dharau. "Si umetuambia mwenyewe ni ya pampu?"

Nilifukuzwa kazi kabla ya chakula cha mchana. Jioni Craig akaiandikia bustani maoni mtandaoni: "Beryl ni mzuri mno, tulimwona vizuri sana. Ila kuna mfanyakazi anadai hayupo. Wamchunguze." Na video yangu na pampu ikasambaa nchi nzima.

Wiki mbili baadaye Noelene akanipigia.

"Gav, yupo."

"Najua yupo."

"Nimemwona kwa macho yangu, alfajiri. Nililia, Gav."

"Nimefurahi kwa ajili yako."

"Tatizo hatoki saa tano. Saa tano amelala shimoni. Watu wanakaa saa nzima hawaoni kitu, wanataka warudishiwe viingilio. Zamani hawakuwa hivi." Akashusha pumzi. "Unaweza kurudi na pampu?"

Nikakata simu. Najua kiburi hakilipi bili ya umeme, lakini siku hiyo nilikuwa nacho cha kutosha.

Nilidhani hadithi imeishia hapo, mimi ndiye shujaa. Bado nilikuwa najipongeza ilipoingia simu kutoka Perth.

Alikuwa binti yake Enid.

"Wewe ndiye Gavin? Yule wa pampu?"

"Ndiye mimi."

"Mama anasema alimwona kinyamadege. Anamwambia kila mtu hapa, majirani, daktari, hadi posta. Nimeiona ile video. Nilitaka tu kukushukuru kwa kumfurahisha mama yangu."

"Subiri kwanza. Alimwona kweli. Nilikuwa naye. Alikuwa wa kweli."

"Naelewa, Gavin," akasema, kwa ile sauti tunayoitumia kwa wagonjwa. "Una moyo mzuri."

"Si moyo mzuri! Nakuambia alitokea!"

"Naelewa."

Nikamsikia Enid nyuma yake akiomba simu. Akapewa.

"Hajaamini, eeh?"

"Hajaamini, Enid. Nisamehe."

"Wewe na mimi tunajua," akasema. "Lakini ningependa na yeye ajue, mwanangu. Ni mtoto wangu."

Mwanamke aliyekaa wiki kumi na nne kwenye baridi akikataa kusema uongo, siku aliyosema kweli akaonekana bibi aliyechanganyikiwa. Na aliyemfanyia hivyo si Craig, wala si Noelene. Ni mimi.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ni kweli, yangu iliisha kwa miezi minne. Ila hawakuniambia kwamba mwongo anaweza kutubu, akaoga, akalala, na bili yake ikapelekwa kwa mtu mwingine ambaye hakuwahi kudanganya.

Kabla hujadanganya kwa ajili ya kufurahisha watu, muulize Enid. Yuko Perth, hanioni tena mimi wala sikio langu, na bado anasema alimwona.

Mwamini.