Harriet Hakukutana na Lincoln

Verlene Pinder wa Cambridge, Maryland, Marekani, alikuwa mchambua nyama ya kaa wa baharini, mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kila mwaka, kanisa lao likiadhimisha mwisho wa utumwa, alijifunga kilemba, akashika fimbo, akawa Harriet Tubman, yule mtumwa aliyetoroka kisha akarudi kuwatorosha wenzake. Watu walimzoea hivyo, hata dukani wakimwita Harriet.

Mwaka mmoja mchungaji akaleta mchezo mpya, na ndani yake Harriet alipeana mkono na Rais Lincoln. Otho, seremala mrefu kama mlingoti aliyepangiwa kuwa Lincoln, alikuwa keshanunua kofia ya urais.

"Siigizi uongo huu," Verlene akasema. "Hawakukutana hata siku moja. Harriet mwenyewe alikuja kujuta uzeeni kwamba hakumwona."

"Nani atajua?" Otho akauliza.

"Harriet kazaliwa hapa hapa kwetu. Tusipojua sisi, ajue nani?"

"Na kofia yangu nikaivalie wapi, bafuni?"

Watu wakaangua kicheko. Mchungaji hakucheka. "Lete mkutano mwingine, dada, au shika huo."

Verlene alirudi nyumbani kichwa kinawaka. Akiwa jikoni, akaruka na kupiga makofi peke yake. Si Harriet alikutana na Sojourner Truth, Boston, vita vya kukomesha utumwa vikipamba moto! Wanawake wawili waliotoka utumwani wakabishana juu ya Lincoln, Truth akimtetea, Harriet akimlaumu. Na haukupita muda Truth akaenda Ikulu kumwona. Otho naye angepata zamu yake!

Lakini Truth alikuwa mrefu, mwenye sauti ya ngurumo. Cambridge nzima mwanamke wa namna hiyo alikuwa mmoja, wifi yake Luvinia, na hawakusemezana tangu wagombanie nani aimbe kwenye mazishi ya mume wa Verlene.

Akaenda kumgongea.

"Umepotea njia?" Luvinia akamuuliza mlangoni.

"Natafuta mtu wa kubishana naye mbele za watu, wifi."

"Wewe na mimi?"

"Mimi na wewe."

"Mbona umechelewa hivyo! Ingia."

Siku ya mchezo kanisa lilifurika.

"Lincoln ametufaa!" Luvinia alinguruma.

"Askari wetu mweusi analipwa nusu mshahara, dada! Risasi nayo inamuua nusu?"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Luvinia, damu imechemka, akasahau maneno yake. "Wewe hukubali kushindwa! Hata kaka yangu ulininyima nimwimbie!"

Verlene akamshika mkono.

"Mwimbie sasa," akasema.

Luvinia akaanza, sauti ya chini, kisha ikajaa mpaka madirishani. Verlene akamwitikia, na watu wote wakasimama, wanaolia wakilia, wanaopiga makofi wakipiga.

"Jamani," Otho akachungulia pembeni ya pazia, kofia ya urais kichwani, "Rais anamsubiri mgeni wake!"

Jioni ile mawifi wawili waliketi kwenye ngazi za kanisa, wanakula samaki wa kukaanga sahani moja, bado wanabishana juu ya Lincoln.