Pikapu ya Mwalimu

Mume wangu alinunua pikapu miezi mitatu baada ya kumzika mtoto wetu wa kwanza. Tulikuwa tunaishi kwenye nyumba ya shule, kijijini, kandokando ya barabara ya kutoka Kahama kwenda Ushirombo, naye alikuwa anafundisha darasa la saba. Kijiji kizima kilimwita Mwalimu. Hata mimi nilimwita hivyo, tangu uchumba.

Pikapu yenyewe ilikuwa imetelekezwa nyuma ya ghala la mfanyabiashara mmoja wa mpunga pale Nyasubi, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Ilikokotwa na ng'ombe wanne mpaka kwetu. Niliposikia makelele ya watoto nikatoka na mwiko mkononi, nikamwona Mwalimu amekaa kwenye usukani, amenyooka kama bwana harusi, ng'ombe wanamvuta. Nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu msiba. Alipoona nacheka akanipungia mkono.

Injini ilikuwa nzima. Ugonjwa wake ulikuwa kwenye gia. Fundi alikuja kutoka Kahama, akafungua, akafunga, tukaenda nayo kanisani Jumapili mbili. Jumapili ya tatu ikatuacha katikati ya mto mkavu, tukarudi kwa miguu. Ikatengenezwa. Ikagoma tena siku ya harusi ya mdogo wangu, nikafika nimejaa vumbi, viatu nimevibeba mkononi, wenzangu wameshamaliza kucheza. Na miaka ile vipuri havikupatikana. Hata sabuni tulikuwa tunaipangia foleni.

Basi Mwalimu akajifunza ufundi mwenyewe. Akitoka darasani saa tisa anavua shati, anaingia chini ya gari, nami nabaki naiona miguu yake tu. Uji nilimpelekea huko huko. Miaka minne tuliishi hivyo: mimi kwenye mkeka nachambua mchele, yeye chini ya chuma ananiomba spana. Tulizungumza habari za shule, za mvua, za majirani. Habari za mtoto hatukuzigusa hata siku moja.

Alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Homa ilimshika asubuhi, wakati wa masika. Mchana akaanza degedege. Tulimkimbiza zahanati ya misheni kwa baiskeli, mimi nyuma nimemkumbatia, Mwalimu anasukuma kwenye tope na kulia kwa sauti. Tulipofika alikuwa ameshatutoka.

Mwaka wa nne Mwalimu akasikia kwamba kule Rwamgasa, kwa wachimbaji wa dhahabu, kuna pikapu kama yetu iliyokufa injini lakini gia zake bado nzima. Shule zilikuwa zimefungwa. Akadandia lori, akakaa huko siku tano. Alirudi Jumamosi asubuhi, amebeba kiroba begani, mwili mzima mwekundu kwa vumbi. Hata maji ya kuoga hakutaka.

"Mama, safari hii tumepata," akasema, akaingia chini.

Karibu na saa saba akatoka. Meno ya ile gia hayakukutana na ya kwetu. Alikaa chini akaegemea tairi, akawa anaitazama mikono yake iliyojaa grisi. Nikaja na sahani ya viazi, ndipo nikaona machozi yanamtiririka.

Nikaiweka sahani chini, nikakaa karibu naye.

"Mwalimu, tuiache sasa."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi? Ni chuma tu."

"Mungu akitupa mtoto mwingine tutamkimbiza na nini?" Kisha akasema, taratibu, kama anayejisomea: "Siku ile uliniambia mtoto anachemka. Nikakujibu ngoja nikafundishe kwanza. Nikakuacha naye, nikaenda."

Haikuwa hivyo.

"Hukusema hivyo," nikamwambia. "Wewe ulisema twende. Baiskeli ulikuwa umeshaitoa nje. Mimi ndiye niliyesema nenda kafundishe, dawa nimempa, homa itashuka. Ni mimi, Mwalimu."

"Unanituliza tu."

"Ulikuwa umevaa shati la kijani. Ulirudi mlangoni mara mbili kuniuliza kama nina hakika. Mara ya pili nikakufukuza, nikakwambia wanafunzi wanakungoja."

Akanigeukia. Nikamweleza yote: kwamba miaka minne nilidhani anajificha chini ya gari ili asiuone uso wangu. Kwamba kila bakuli la uji nililompelekea lilikuwa la kumwomba radhi. Sikuwahi kulisema kwa sababu niliogopa atasema ndiyo, ni wewe.

Alifuta mikono kwenye nyasi, haikutakata, akanishika hivyo hivyo. "Hukujua," akasema. "Nani angejua?" Halafu akaanza kumwita mtoto kwa Kisukuma cha kwao, ng'wana wane, ng'wana wane, mwanangu, mwanangu, nami nikalia naye pale pale mchangani, majirani wanapita barabarani wanatutazama.

Tulipotulia tukala vile viazi vilivyopoa. Mimi ndiye niliyeuliza: "Kama injini ni nzima, haiwezi kusaga?" Wanawake wa pale tulikuwa tunatembea saa mbili na mahindi kichwani kufuata mashine. Mwalimu akaacha kutafuna. Akainuka, akafungua boneti, akaangalia ndani kama hajawahi kuiona ile injini.

Fundi wa Kahama alisaidia kuitoa. Waliifunga kwenye sakafu ya saruji, ikavuta mashine ya kusagia kwa mkanda, na siku ya kwanza ilipokubali wanawake walipiga vigelegele mpaka walimu wenzake wakatoka ofisini.

Watoto wengine wawili Mungu alitupa. Homa ikiwashika hatukungoja wala hatukubishana. Tuliondoka saa ile ile, kwa baiskeli kama zamani. Na jioni Mwalimu alikuwa anasimama pale mashineni, nyusi nyeupe kwa unga, akina mama wanamtania kwamba amezeeka ghafla, naye anacheka, anawapimia, anauliza hali za watoto wao mmoja mmoja.